Nani Mwenye Hatia ya Safura?

Na tufikiri pamoja juu ya neno moja: Je, mtu asiyemchukia jirani yake aweza kuwa na hatia ya kumdhuru? Wengi watajibu upesi, La, kwa kuwa hatia hutoka moyoni. Lakini kwanza tazameni habari ya safura.

Mtoto akipauka viganja, akichoka mapema katika michezo, akipenda kula udongo, watu hunong'ona ya kuwa amerogwa. Hapo jirani humwogopa jirani. Kumbe mara nyingi adui yumo tumboni mwa mtoto. Si minyoo peke yake ipunguzayo damu. Malaria na ukosefu wa chakula chema hufanya vivyo hivyo. Lakini wataalamu waliowapima watoto wa shule kisiwani Pemba katika miaka ya 1990 waliona ya kuwa minyoo ya safura ni sababu kubwa ya upungufu wa damu kwao.

Njia yake ni hii. Mtu huenda haja kichakani au shambani. Mayai ya mnyoo huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, na baada ya siku chache vijidudu huwa tayari. Mtoto apitapo bila viatu, hupenya ngozi ya mguu, huingia katika damu, hufika mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hushika utumbo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya kidogo sana. Lakini wakiwa wengi, mwili mdogo hushindwa.

Basi, aliyekwenda haja kati ya mikahawa ya Mbozi hakumchukia mtoto ye yote; hata jina lake halijui. Walakini damu ya mtoto imepungua kwa tendo lake. Alipokuwa hajui, tumhurumie. Lakini akiisha kujua, asichimbe choo, hawezi tena kusema moyo wake ni safi. Kutojali nako ni neno la moyoni. Kaini alikana kuwa mlinzi wa ndugu yake, lakini damu ya Habili ililia toka ardhini. Na udongo wetu je, haulii?

Mtu atasema, "Dawa ipo." Kweli, na mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliyahimiza mataifa yawape watoto wa shule dawa ya minyoo. Lakini kidonge huua minyoo iliyomo, hakizuii mingine kuingia. Dawa pasipo choo ni kuteka maji kwa pakacha.

Mwingine atasema, "Mimi ni mpangaji tu hapa Tunduma, kiwanja si changu." Neno lake ni la haki. Basi na aulizwe mwenye nyumba apokeaye kodi ya vyumba vingi, huku choo ni kimoja nacho kimejaa. Aliye na uwezo zaidi hudaiwa zaidi.

Wainjilisti wenzangu, mkimtembelea mtoto aliyepauka, ombeni pamoja na wazazi wake, kisha mhimizeni mama ampeleke kituo cha afya apimwe damu na haja kubwa. Msimwaibishe, wala msitafute mchawi. Tena kabla ya kukagua vyoo vya washarika, tukague vya kwetu sisi wachungaji na walimu, na kile cha kanisani. Tukikuta hakuna, jembe liko wapi?