Mzigo Ambao Mpagazi Habebi

Masomo: Mwanzo 41:50–52, Mwanzo 43:32, Zaburi 120–122

Wiki hii hebu tupande mlima.

Sisi wa Ndabibi tumezoea milima. Longonot ule pale ng'ambo ya ziwa, Eburru huu hapa karibu. Vijana wetu hupanda Longonot asubuhi, mita 2,776, na jioni wako nyumbani wanakunywa chai. Himalaya si hivyo. Ukienda Nepal kuuona mlima Everest kwa miguu, wengi huanzia mji mdogo wa Lukla, na Lukla penyewe pako juu kuliko kilele cha Longonot. Yaani unaanzia pale sisi tunapomalizia! Kutoka hapo ni kama siku nane za kupanda pole pole hadi kambi ya chini, mita 5,364. Kilele chenyewe kiko mita 8,849.

Mkenya wa kwanza kufika kileleni ni James Kagambi, mwalimu mstaafu, mwezi wa Mei 2022, akiwa na miaka 62. Hakwenda peke yake. Alikuwa na kikundi cha wapandaji weusi, na Washerpa, wenyeji wa milima hiyo, wakiwasaidia. Mei 2024 tulimpoteza Joshua Cheruiyot Kirui, aliyejaribu kupanda bila hewa ya mtungi, pamoja na kiongozi wake, Nawang Sherpa. Tunawakumbuka wote wawili kwa heshima. Mlima ule si mchezo.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikisikia safari nauliza bajeti. Himalaya kuna nauli ya ndege, kibali, bima, malazi, na mpagazi wa kukubebea begi. Lakini kuna mzigo mmoja ambao hauko kwenye bajeti na mpagazi habebi: kutamani nyumbani. Fikiria, siku ya sita unakula wali na dengu tena. Ni chakula kizuri, lakini ulimi unataka ugali na sukuma. Unataka kusalimiwa kwa lugha ya mama. Unataka Jumapili yenye ngoma na vigelegele. Mzigo huo unaubeba mwenyewe, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi kuwa mzito.

Wengine wanasema mtu aliyeokoka hapaswi kulia juu ya nyumbani. Wacha nikuulize: Yusufu je? Alikuwa mkubwa Misri, wa pili kwa Farao. Lakini soma Mwanzo 43:32 polepole. Chakula kilipoandaliwa, Yusufu alikaa peke yake, ndugu zake peke yao, Wamisri peke yao. Mtu ana cheo, ana gari la kifalme, na hana wa kula naye! Mtoto wake wa kwanza alimwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha nyumba ya baba yake. Lakini Manase ni jina la Kiebrania. Alisema amesahau, na akalisema kwa lugha ya nyumbani! Kila akimwita mtoto aje kula, Kanaani ilikuwa inatoka mdomoni mwake.

Hata nyimbo za kupanda, Zaburi 120 hadi 134, hazianzi na furaha. Ile ya 120 ni ya mtu aliyechoka kukaa ugenini, Mesheki na Kedari. Milima inakuja katika 121. Furaha ya kwenda pamoja na wengine inakuja katika 122. Mungu aliruhusu malalamiko ya mgeni yawe wimbo wa kwanza wa safari. Sema amina.

Sasa tuje kwetu. Tuko na dada mmoja wa kanisa hili anayefanya kazi Ghuba. Sitamtaja jina. Jumapili moja alinipigia ibada ikiendelea, akasema, "Pastor, usiongee. Weka tu simu karibu na kwaya." Nikaiweka. Baadaye aliniambia akiwapigia watu wa nyumbani na kusema amechoka, anajibiwa, "Vumilia, huku hakuna kitu." Halafu anaulizwa pesa zitaingia lini.

Wapendwa, wapanda milima wanajua jambo moja. Kimo kikikuumiza kidogo, unapumzika mahali ulipo mpaka mwili uzoee. Kikikuumiza sana, dawa ya kweli ni moja: kushuka. Wanaokulazimisha uendelee kupanda hawakupendi. Lakini tutajuaje mwenzetu anahitaji kupumzika au kushuka, kama tumemfunga mdomo kwa "vumilia"? Hamu ya nyumbani ni sauti. Tuisikilize kwanza, ndio tujue la kufanya. Na anayehitaji kushuka, ashuke bila aibu, hata kama sisi ndio tulimchangia nauli kwa harambee. Tulichangia mtu, hatukununua hisa.

Tusisahau pia kwamba Himalaya ya mtu inaweza kuwa chumba cha kupanga hapa hapa kwetu. Wako waliotoka Kisii, Turkana na Busia kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya maua kuzunguka ziwa. Wanaimba nyimbo zetu, wanacheka nasi, halafu wanaenda kula peke yao kama Yusufu.

Kazi ya wiki hii ni mbili. Kwanza, kila nyumba yenye mtu mbali imtumie ujumbe wa sauti: jogoo awike, watoto wapige kelele, mama aombe kwa lugha yake. Pesa isitajwe hata mara moja. Pili, Jumapili hii baada ya ibada, mkaribishe nyumbani mtu mmoja asiye na jamaa hapa, na umwambie apike anachokipenda cha kwao.

Bwana awalinde walio juu milimani, awape pumzi wanaopanda, na wanaoshuka awakute tumewawekea chai jikoni. Mbarikiwe.