Haki ya Kiu

Nyumba yetu hapa Lamu ina watu watatu ambao ule wasia wa glasi nane za maji kwa siku hauwafai hata kidogo. Mjukuu wa dada yangu ana miezi mitatu, na kipimo chake cha maji ni sifuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye tu mpaka atimize miezi 6, asipewe maji hata siku ya joto kali, kwa kuwa maziwa ya mama yana maji yote anayoyahitaji. Mama yangu amepita miaka themanini na kiu haisikii tena. Na mdogo wangu wa kiume, ambaye figo zake zimekufa, ana kiu kutwa kucha, lakini daktari amempimia nusu lita na kidogo, na humo mnahesabiwa chai, uji, mchuzi na hata kipande cha barafu.

Mwenye kushika kata ni mimi. Ndiyo maana swali la mtu anywe maji kiasi gani kwangu limekuwa swali la haki: nani anastahili nini, na nani ana idhini ya kumwamulia mwenzake.

Hesabu ya glasi nane mara nyingi huunganishwa na ushauri wa bodi ya chakula na lishe ya Marekani wa mwaka 1945, uliotaja lita mbili na nusu kwa mtu mzima. Ushauri huohuo ulieleza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Maneno hayo watu wakayaacha njiani. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo huko Dartmouth, alitafuta ushahidi wa kisayansi wa glasi nane kwa watu wazima wenye afya, asiupate. Kisha mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima maji yanayoingia na kutoka miilini mwa watu 5,604 kutoka nchi 23, tangu kitoto cha siku 8 hadi mzee wa miaka 96. Walitofautiana sana. Joto, unyevu wa hewa, kazi, ujauzito, ukubwa wa mwili, kila kimoja kinasogeza kipimo. Mpagazi anayeshusha mawe jahazini saa sita mchana na karani aliyeketi chini ya feni hawawezi kudaiwa maji sawa.

Mtu mzima mwenye afya amepewa kiu, na kiu ni mizani bora kuliko saa ya simu inayomkumbusha kunywa. Damu ikizidi ukolezo kwa asilimia moja au mbili tu, ubongo unajua. Unaziamuru figo zibane maji na unamtuma mtu mtungini. Mimi naiona hiyo kuwa ishara miongoni mwa ishara za Mola. Na mwenye kuipuuza kwa kuzidisha naye anaumia. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 kati yao chumvi imepungua mno damuni, na sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita mahitaji. Mwanamke mmoja aliyekimbia mbio hizo alifariki kwa hali hiyohiyo. Hakufa kwa kiu.

Lakini mizani hiyo ikiharibika? Hapo ndipo ninapoishi.

Chupa ya mdogo wangu nimeifunga uzi mwekundu katikati; mpaka adhuhuri maji yasishuke chini ya uzi. Akizidiwa ananyonya ndimu, anasukutua na kutema. Chumvi tumeitoa jikoni kwa ajili yake, maana chumvi ndiyo inayoiamsha kiu. Anapopimwa uzito kabla ya kusafishwa damu, kilo iliyozidi ni lita moja ya maji iliyokosa pa kutokea, imetuama miguuni au, Mungu apishe mbali, mapafuni. Mnazi wa uani kwetu unazaa sana, na dafu kwake ni mwiko hata funda moja, kwa potasiamu iliyomo. Figo nzima huitoa bila mwenyewe kujua. Figo zikifa, inapanda kimyakimya mpaka moyo unasimama.

Tangu chuoni naijua hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari, ya watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama, na miongoni mwao ni mwenye maji ya ziada njiani aliyemnyima msafiri. Mtungi wetu umejaa. Ndugu yangu, tumbo moja, ananiambia, "Dada, funda moja tu," nami nasema hapana. Kuna usiku nimelala na hadithi hiyo kifuani.

Mwishowe niliifahamu hivi. Kosa la yule bwana lilianzia machoni: aliyatazama maji yake asimtazame mwenye kiu. Nikimtazama mdogo wangu vizuri naliona koo lake lililokauka, lakini naiona na miguu iliyovimba, na namna anavyolala akiegemea mito mitatu ili apumue. Sahaba Salman al-Farisi alimkumbusha mwenzake Abu Dardaa, aliyekuwa akiukalifisha mwili wake kwa ibada, kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe, na Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Haki ya mwili huu leo ni kunyimwa. Ni haki chungu, na sitamlaumu anayenisikia nikisema hivyo akaguna.

Wapo wanaosema ipo kanuni nyepesi zaidi: mpimie mwenzako kwa nafsi yako. Nao wana hoja. Yule mtu wa hadithi nyingine aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake cha ngozi maji akampa mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, akasamehewa, alimjua mbwa kwa kujijua mwenyewe. Alikuwa ametoka kuungua na kiu ileile. Mara nyingi njia hiyo inatosha. Humu ndani haitoshi. Mama nikimpimia kwa kiu yangu nitamkausha; mdogo wangu nikimpimia kwa kiu yangu nitamzamisha.

Kwa mama kazi ni kinyume. Uzee hufifisha hisia ya kiu hata mwili unapohitaji maji. "Mwanangu, sina kiu," ananiambia, na anasema kweli, lakini ulimi wake umepasuka na mkojo wa asubuhi una rangi ya chai ya rangi. Glasi inamtisha. Nampa kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, kila anapomaliza nyiradi zake, na hakuna siku aliyokataa kikombe kilichofuata uradi. Ramadhani ilikuwa ngumu zaidi. Hapa karibu na ikweta saumu ni saa kumi na tatu na ushei, na mama alishikilia kufunga. Sheikh wa mtaani alikuja akaketi naye barazani, akamweleza kwamba aliyemruhusu mzee asiyeweza ale na alipe fidia kwa kulisha maskini ni yuleyule aliyefaradhisha saumu. Mama alilia. Kisha akauliza kibaba cha mchele siku hizi ni bei gani.

Juzi mdogo wangu aliniuliza jambo alilokuwa amelificha muda mrefu. Ikifika siku mashine ya kusafisha damu haimsaidii tena na ameamua kuiacha, bado nitafunga uzi kwenye chupa? Nilimjibu kwamba uzi ule upo kwa ajili ya kumweka hai. Uhai ukiwa umeshika njia yake kwa amri ya Mola, haki ya mwili itakuwa imegeuka, nami nitamnywesha kijiko kwa kijiko kadiri atakavyotaka, kama tulivyomnywesha baba. Daktari nilipomuuliza aliniambia hivyohivyo, na sheikh naye hakuona kizuizi. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, akaongeza sharti moja: liwe dafu, tena la mnazi wa uani. Nimemkubalia.