Mzigo wa Mwenzio na Kanda la Usufi

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye riziki yake ni kuwatembeza wageni kwa baskeli, aliniletea karatasi mbili za Kiingereza akanitaka nimfasirie. Zilieleza njia za changarawe katika milima ya Alps, upande wa Italia, ambako watu hupanda baskeli za matairi mapana kwa ajili tu ya raha ya kupita pasipo na lami. Yeye alitaka kujua wenzetu wanazisifu vipi njia zao, ili naye apate kuzisifu zake. Nilidhani kazi hiyo ingenichukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Ilinichukua siku tatu, na wala si kwa ugumu wa maneno. Kila nilipofasiri kwa uaminifu, sifa iligeuka malalamiko. Niliandika: "Barabara ni mbovu, imejaa mawe, tena inapanda bila ya kupumzisha, msikose kuipita." Mke wangu alisoma, akacheka, akaniuliza kama barua hiyo naipeleka kwa wageni au kwa sheha.

Kicheko kile kilinikalia moyoni. Lugha yetu haikukosa msamiati wa changarawe, kokoto wala kifusi. Ilichokosa ni mazoea ya kuyasifu mambo hayo. Kwetu njia mbovu ni shitaka. Basi ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningependa tulitafakari pamoja, msomaji wangu: je, taabu ile ile inaweza kuwa neema kwa mmoja na dhiki kwa mwengine? Na kama inaweza, aliyeichagua anadaiwa nini na yule ambaye hakuichagua?

Karatasi zile ziliitaja njia ya Colle delle Finestre, ambayo kilele chake kimefika mita 2,178 juu ya usawa wa bahari, na kilomita zake 8 hivi za mwisho hazina lami. Tangu mwaka 2005 mashindano makubwa ya Giro d'Italia yamepitishwa hapo mara kadhaa, na watu husimama ukingoni kuwashangilia wapandaji waliopakwa vumbi. Lakini njia hiyo haikuchongwa kwa ajili ya baskeli. Ilichongwa kwa ajili ya jeshi, ili watu na mizinga wafike kwenye ngome ya Fenestrelle. Nyengine, Alta Via del Sale, imebeba jina la chumvi, bidhaa iliyopandishwa kutoka pwani kwa migongo ya nyumbu. Nasi tuna yetu. Kisiwa chetu cha Unguja hakina kilima kinachofika hata mita 200, lakini vijia vya mashamba yake ya magharibi vilikanyagwa sana na watumwa waliobeba karafuu, kabla hali ya utumwa haijafutwa kisheria mwaka 1897. Njia nyingi zinazopendeza leo zilianza kuwa mzigo wa mtu.

Kijana alinambia kuwa miongoni mwa njia anazotaka kuzisifu ni ile ya kwenda Uzi. Hapo niliweka kalamu chini.

Asiyeijua njia hiyo na nimweleze. Uzi ni kisiwa kidogo kusini ya Unguja Ukuu. Kwa miaka mingi watu wake, wa Uzi yenyewe na wa Ng'ambwa, walivuka kwa njia ya mawe iliyopita katikati ya mikoko. Maji yakitoka, gari na baskeli zilipita zikirukaruka juu ya mawe. Maji yakijaa, khasa siku za bamvua, njia ilizama, na mwenye haja yake alikaa akangoja. Skuli ilingoja, soko lilingoja, na mgonjwa naye alingoja. Kwa mgeni ni mahali pa ajabu: mikoko pande mbili, maji yanayometa, kimya kilichokatwa na sauti ya ndege tu.

Nilifika hapo kwa baskeli nikiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuta maji yameshafunika njia. Ukingoni alikaa mzee mmoja, baskeli yake imelazwa ubavuni kwa uzito wa gunia la unga na dumu la mafuta ya taa. Nilimwamkia, akaniitikia, nikakaa. Baada ya muda, kwa wepesi wa ujana, nilisema, "Mzee, hapa pazuri sana." Alinitazama kidogo, akasema, "Pazuri, mwanangu, kwa aliyekuja kutembea." Hakusema kwa hasira, bali kama mtu anayemsahihisha mtoto herufi moja.

Niliporudi mjini niliandika shairi juu ya mahali pale. Lilikuwa na mikoko, lilikuwa na maji na ndege. Mzee hakuwemo. Rafiki zangu walilisifu, nami nilifurahi. Ilinichukua miaka mingi kutambua kuwa shairi lile lilikuwa na vina kamili na mizani kamili, lakini lilimfuta mtu. Ndiyo maana siwezi kumcheka kijana wa baskeli wala wageni wake. Kosa la kuigeuza dhiki ya mwenzako kuwa mandhari tulilianza sisi washairi kabla yao.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo tunaifahamu kama lawama kwa mtu asiye na huruma, lakini mimi naona inasema jambo la ndani zaidi. Mgeni anayepanda mlima anatoka jasho la kweli. Mapaja yanamuuma kweli. Ukimpima mwili, huenda amechoka kuliko yule mzee wa Uzi. Basi tofauti haimo katika mwili. Tofauti ni kwamba mgeni, akichoka, anaweza kurudi. Anaweza kusema leo basi, akaita gari. Mzee yule hakuwa na pa kurudi, kwa sababu alikokuwa akienda ndiko kwake. Taabu ya hiari ina mlango wa nyuma; taabu ya lazima haina.

Je, kwa hivyo taabu ya hiari ni mchezo tu, au hata dhihaka kwa wenye dhiki? Kuna wanaosema hivyo, nami nusura nikubaliane nao, mpaka nilipoikumbuka Ramadhani. Sisi sote tunajinyima kwa hiari ya imani yetu. Mfungaji anajua kuwa Magharibi itaadhiniwa na futari iko jikoni. Mwenye njaa ya ufukara hana Magharibi yake. Hata hivyo hakuna anayesema saumu ni dhihaka kwa masikini. Kwa nini? Kwa sababu saumu haikuachwa ikaishia kwenye tumbo la mfungaji. Mwisho wake iliwekewa zaka ya fitri, chakula kinachotolewa kwa wasio nacho kabla ya Sala ya Idi. Njaa ya hiari imefungwa kwa fundo moja na njaa ya lazima.

Kwa maoni yangu, kipimo ni hicho. Taabu ya kujichagulia si dhambi, wala si upuuzi. Humfunza mtu upana wa dunia na ufupi wa pumzi zake. Ila ina fitri yake, na asiyeitoa ameila njia ya watu bure.

Fitri ya njia ni nini? Ya kwanza ni salamu. Tulifundishwa chuoni tangu wadogo kwamba aliyepanda ndiye anayemsalimu anayekwenda kwa miguu, na anayekwenda humsalimu aliyekaa. Tuliikariri kama adabu ndogo, kumbe ni sheria nzima ya barabara: mwenye wepesi ndiye anayeanza kumwona mwenziwe. Ya pili ni kumpisha mwenye mzigo. Ya tatu, na ndiyo nzito, ni kutoitamani njia ya wenyeji ibaki mbovu ili sisi tuendelee kuifurahia. Miaka ya karibuni barabara nyingi za vijijini Unguja zimetiwa lami, na nimewahi kumsikia mtu wa mjini akisikitika kuwa shamba linapoteza haiba. Haiba hiyo, ndugu yangu, ilikuwa ikilipiwa na mgongo wa mtu mwengine.

Mjini Goma, mashariki ya Kongo, watu husukuma chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kilichosheheni viazi na makaa, juu ya ardhi ya mawe ya volkano. Wenyeji wamemsimamishia sanamu msukuma chukudu katikati ya mji wao. Sanamu ile inamsifu mtu. Sijasikia aliyeyasifia mawe.

Nilimrejeshea kijana karatasi zake, na pale penye Uzi nikamwandikia sentensi chache zisizokuwemo katika asili: kwamba njia hii ni ya watu wa Uzi na Ng'ambwa, kwamba mgeni aulize saa ya maji kwa mwenyeji, na amlipe aliyempa maelezo, kwamba akikuta mtu amekaa akingoja maji yatoke, ashuke, amwamkie, kisha akae naye.

Alisoma, akaniuliza, "Ami, na wakiona wanacheleweshwa?"

Nikamwambia maji ya Uzi hayajawahi kumharakisha mtu.