Dawa Isiyojua Mahali pa Kukoma

Mwaka 1953 katika mji wa Flint, nchi ya Marekani, zilitengenezwa motokaa 300 za namna mpya zilizoitwa Chevrolet Corvette, zote nyeupe. Bodi zake hazikuwa za bati la chuma, bali za faibaglasi, yaani nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa utomvu uliogandishwa ukawa mgumu. Bodi ya namna hii haishikwi na kutu. Lakini motokaa huzeeka, hupakwa rangi juu ya rangi, kila mwenyewe apendavyo. Hata siku yafika rangi ya kale ikapasuka, nayo haina budi kuondolewa, maana rangi mpya ikipakwa juu yake itabanduka pamoja nayo.

Hapo ndipo penye jambo nitakalo tulitafakari. Juu ya chuma, fundi aweza kupaka dawa kali ya kutolea rangi akaenda kula chakula chake. Dawa itaila rangi, na ikifika kwenye chuma itakoma, kwa kuwa chuma si jamaa ya rangi. Walakini faibaglasi ni jamaa yake, maana rangi nayo imeshikwa kwa utomvu. Dawa kali ikiisha kuila rangi haijui ya kuwa imemaliza. Yaendelea kuulainisha utomvu wa bodi yenyewe, yapenya kati ya nyuzi na kujificha humo. Fundi apaka rangi mpya, yang'aa, watu wamsifu. Kisha malengelenge yatokea. Kuipiga kwa mchanga wa mashine ni vibaya zaidi, maana nyuzi zafumuka.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hushika msasa, amejifunika pua na kinywa kwa ajili ya vumbi la kioo. Aondoa tabaka moja moja, akiangalia jinsi rangi inavyobadilika chini ya mkono wake, na akiiona ile ya msingi imeshika vema, huiacha. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya faibaglasi, lakini hata hizo huzijaribu kwanza mahali padogo palipofichika. Kazi yake ni ya siku nyingi.

Je, fundi huyu amependelea? Chuma amekipa dawa kali, faibaglasi ameipa mkono wa polepole. Swali hili si la karakana tu. Katika baraza la wazee wa usharika nimesikia mara nyingi ikisemwa ya kuwa marudi ni mamoja kwa wote. Nami mwenyewe nalisema hivyo, miaka mingi iliyopita, tulipoletewa habari za kijana aliyeanguka katika ulevi. Kabla yake tulikuwa tumemkemea mtu mkaidi mbele ya watu wote, naye akatubu. Basi tukaona haki yataka na huyu atendewe vivyo hivyo. Lakini huyu alikuwa amekwisha kuja nyumbani kwangu usiku, peke yake, akilia. Jumapili tukamsimamisha. Pombe aliiacha, ni kweli; na kanisa aliliacha pia.

Wengine watasema nafundisha ulegevu. Hasha! Rangi iliyooza haiachwi. Bali katika sura ya 18 ya Mathayo, Bwana aanza na watu wawili faraghani, na kanisa laja mwisho. Sisi tulianza mwishoni, tukaita haraka yetu haki. Wala hatukukumbuka yule mwenye shamba aliyewakataza watumwa wake kung'oa magugu, kwa kuogopa mizizi ya ngano.

Nakiri ya kuwa si rahisi. Motokaa hujaribiwa kwa sumaku: isiposhika, fundi ajua kwamba hapa si chuma. Kwa mtu hatuna sumaku. Tuna kukaa naye tu, na kumsikiliza, na baraza lina mambo mengi na jua lashuka. Hata hivyo kwa kijana yule sikuwa na udhuru, maana alikuwa amejionyesha kwangu mwenyewe, nami katika baraza nilinyamaza juu ya usiku ule.

Nimekutana naye mara mbili sokoni. Sasa ana mvi. Aliniamkia, "Shikamoo, mzee," nami nikaitikia, wala sikupata neno la kuongeza. Kabla mwaka huu haujaisha nakusudia kwenda kwake, usiku, peke yangu.