Ushuhuda wa Baka Linalofutika Lenyewe
Mtoto mchanga wa Tarime au Mugumu akitokewa na baka jekundu wiki chache baada ya kuzaliwa, nalo likawa linavimba, hakosekani wa kuuliza mama yake alivunja mwiko gani. Kisha huja mganga, maji ya baraka, maombi ya kufunga. Kama Mungu huponya, sibishi. Ninachouliza ni tunajuaje kwamba aliponya kwa mkono huu tunaoutaja. Hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani, hukua kwa kasi kwa takriban miezi mitano, halafu husinyaa wenyewe kwa miaka. Yeyote aliyemgusa mtoto huyo akiwa wa mwaka mmoja atapata ushuhuda. Ndivyo ilivyo hata kwa magonjwa mengine: mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, ng'ambo ya mbuga ya Serengeti, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Waliopata nafuu walisimulia. Waliozikwa hawakusimama kushuhudia.

Mtu atajibu kwamba hata dawa ya hospitali iligunduliwa kwa bahati. Ni kweli. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi walivyompa mtoto propranololi, dawa ya moyo, kwa kuwa moyo wake ulidhuriwa na steroidi alizopewa kutibu baka lake. Kesho yake baka likaanza kulainika na kubadilika rangi. Huo nao ulikuwa ushuhuda, ila wataalamu hawakuishia hapo. Katika utafiti uliochapishwa 2015, watoto waligawanywa kwa kura, wengine wakanyweshwa kisicho dawa. Baada ya wiki 24, baka lilikuwa limekwisha au karibu kwisha kwa asilimia 60 ya waliopewa propranololi kwa miezi sita, na kwa asilimia 4 ya wale wengine. Hao wanne katika mia ndio wangekuwa mashahidi wa mganga.

Basi kama litaisha lenyewe, kumeza dawa si kukosa subira mbele za Mungu? La mgongoni, lisilochubuka, na lisubiriwe. Lakini jicho lililofunikwa na kope lililovimba katika miezi ya mwanzo huenda lisijifunze kuona, hata baka likija kusinyaa. La kooni laweza kuziba pumzi. Hapo subira ni ya mzazi, gharama ni ya mtoto. Wala propranololi si ya kujinunulia dukani: huweza kushusha sukari na mapigo ya moyo na kubana njia za hewa, na mtoto hupewa akiwa amenyonya, daktari akimfuatilia. Kwa familia ya Mugumu hiyo yaweza kuwa safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na nauli yake, ambayo sadaka ya jumuiya ingeweza kuilipa.