Randi 11 za Serikali

Ndugu zangu mlio ughaibuni, hapa Durban huhitaji kwenda mbali kuwaona vibarua wa serikali. Wamevaa ovaroli za rangi ya chungwa, wanafagia ufukweni, wanafyeka nyasi kando ya barabara. Ni watu wa mpango wa kazi za umma uitwao EPWP, ulioanzishwa mwaka 2004 kwa lengo la kutoa nafasi milioni moja katika miaka mitano. Nafasi zenyewe ni za muda tu, kisha mtu anarudi kijiweni.

Linalonikera ni ujira wao. Mwaka 2019 Afrika Kusini iliweka kisheria kima cha chini cha mshahara, randi 20 kwa saa. Wafanyakazi wa mashambani wakawekewa 18, wa majumbani 15, na vibarua wa EPWP 11. Wa mashambani wakafikishwa kwenye kima cha wote mwaka 2021, wa majumbani 2022. Wa serikali wakaachwa nyuma: Machi 2024 kima cha wote kilikuwa randi 27.58, chao 15.16. Yaani anayemkataza mwenye shamba kumpunja mtu, mwenyewe analipa nusu na kidogo!

Watetezi wanasema serikali ikilipa vizuri watu watayakimbia mashamba na maduka, waajiri binafsi washindwe kushindana nayo, na ajira iliyoongezwa huku ipungue kule. Hoja hii ina nguvu mahali ambapo watu wa kuajiriwa ni haba. Lakini katika robo ya kwanza ya 2024 wasio na kazi nchini humu walikuwa asilimia 32.9. Anayeacha nafasi dukani, wa kuishika wamejaa mlangoni. Tena mwenye ovaroli akilipwa hununua mkate na kunyoa nywele, na kinyozi huwa ni mmoja wetu, ingawa kazi zile hazikuwekwa kwa ajili yetu sisi wageni.

Hoja yao nyingine ndiyo inayoninyima usingizi. Fedha zinazowalipa watu 20 kwa randi 11 zitawalipa 11 tu kwa randi 20. Wale tisa tuwaambie nini?

Hapa hapa KwaZulu-Natal ulianza mwaka 2000 mpango wa Zibambele, ambao mtindo wake, mtashangaa, ulitoka Kenya. Kaya maskini, nyingi zikiongozwa na wanawake, hukabidhiwa kipande cha barabara ya kijijini waitunze, kama saa 60 kwa mwezi. Mkataba ni wa kaya. Mama akiugua, mwingine wa nyumbani anashika jembe. Muda unaobaki ni wao, walime au wachuuze. Huo naweza kuuita msaada wenye heshima.

Kufagia jiji ni jambo jingine. Ni kazi ya kila siku, isiyokwisha. Kibarua wa miezi michache akishika ufagio wa mfanyakazi wa kudumu wa manispaa, ajira iliyosukumwa nje ni ya serikali yenyewe, wala tajiri wa duka hakuguswa. Hapo mimi nasema walipwe kima kile kile kilichoandikwa kwenye sheria, hata wakipatikana 11 badala ya 20, na wale tisa watafutiwe saa chache za namna ya Zibambele, kwa bei ile ile ya saa.