Haki ya Kusadiki Kisichoonekana

Wapo watu wajisifuo wakisema, "Nisichokiona kwa macho sikisadiki." Wapo na wengine wasadikio kila neno lipitalo sokoni, nao hujitetea kwa methali: lisemwalo lipo. Twaona ya kuwa wote wawili wamekosa, na wataalamu wa fizikia waweza kutuonyesha njia iliyo bora.

Hakuna mtu aliyepata kuona kwaki ikiwa peke yake, ingawa ndizo zifanyazo kiini cha kila atomu. Elektroni na positroni zikigongana kwa nguvu nyingi, huweza kuzaliwa kwaki na pacha wake wa kinyume, zikakimbia huku na huku. Lakini kifungo kiziunganishacho hakilegei kwa kuvutwa. Nguvu zake hugeuka kuwa chembe mpya, nazo hutoka kwa wingi zikifuata njia ya kwaki. Kundi hilo ndilo tuliitalo mkondo. Mitambo huupima mkondo. Kwaki yenyewe haionekani kamwe.

Mwaka 1979, mjini Hamburg, Ujerumani, katika mtambo wa PETRA, ilionekana mikondo mitatu badala ya miwili. Wa tatu ulikuwa alama ya gluoni, chembe iunganishayo kwaki kama gundi. Je, wataalamu walikuwa na haki ya kusema, "Tumeijua"? Sisi twasema walikuwa nayo. Alama hiyo ilikwisha kutabiriwa kwa maandishi mwaka 1976. Tena hawakutegemea tukio moja, kwa kuwa mikondo miwili huweza kutawanyika kwa bahati ikafanana na mitatu. Walikusanya matukio mengi, wakayapima, na vikundi vinne vyenye vyombo mbalimbali vikaleta ushuhuda mmoja.

Basi, ndugu msomaji, tujipime. Moyo wa jirani nao hauonekani. Twaujua kwa alama zake tu. Lakini ni mara ngapi tumemhukumu mtu kwa alama moja: alionekana njiani usiku, basi ni mwizi! Hatukungoja alama ya pili, hatukuuliza kama liko jambo jingine liwezalo kuleta alama ileile, wala hatukutafuta shahidi ambaye hakuisikia habari kutoka kwetu. Wale wa Hamburg waliitendea chembe isiyo na heshima ya kupoteza haki ambayo sisi twamnyima mwenzetu mwenye heshima yake na watoto wake.

Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu huleta mvua. Atakaye kuwa mwadilifu asizidharau dalili, bali azipime. Na hata zitakapotosha, anyamaze.